Uzi: Kampuni moja ina faida, dada yake ina hasara. Kodi inalipwa kama vile hazijuani. Tufanyeje?

#1 Mhasibu wa Gerezani (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Nina jambo ambalo nimelibeba peke yangu tangu Juni tulipowasilisha ritani (taarifa za mapato na kodi) za mwaka 2024, na sasa tunakaribia kufunga 2025 sitaki litukute tena.

Ninafanya kazi kwa mzee mmoja wa hapa Dar, ana kampuni mbili. Ya kwanza inauza vifaa vya ujenzi kwa jumla Gerezani: nondo, mabati, misumari, mabomba. Ya pili ni kiwanda cha barafu upande wa Kigamboni, tulikianzisha 2021. Hisa za kampuni zote mbili zinashikwa na watu walewale, yaani mzee na wanawe watatu, kwa mgawanyo uleule.

Mwaka 2024 Gerezani ilipata faida ya kikodi ya milioni 420. Barafu ikapata hasara ya milioni 310. Mfukoni mwa familia faida halisi ni milioni 110, wala haihitaji kalamu. Lakini kodi tuliyolipa ni asilimia 30 ya 420, yaani milioni 126. Kama zingehesabiwa pamoja tungelipa milioni 33. Tofauti ni milioni 93.

Sasa niwaeleze hiyo milioni 93 ina maana gani. Kiwandani kompresa ya pili imesimama tangu Agosti, mafundi wameikadiria milioni 38. Saa kumi alfajiri wavuvi na wachuuzi wanakuja kuchukua barafu ya kupeleka soko la samaki la Feri, tunawagawia nusu ya wanachotaka. Nimesimama pale getini nikamwona mama mmoja anaondoka na vipande vitatu badala ya kumi, samaki wake wakiwa kwenye maboksi juu ya bajaji na jua halijatoka bado. Tuna vijana 22 pale. Tungekuwa na ile pesa, kompresa ingetengenezwa mara mbili na chenji ingebaki.

Swali langu: hivi hakuna namna yoyote ya kisheria ya kuihamisha hasara ya barafu iende kupunguza faida ya Gerezani? Nchi nyingine nasikia ipo. Naomba wajuzi mnisaidie.

#2 Kifungu cha 19

Mkuu, pole. Nikujibu moja kwa moja ili usitafute kisichokuwepo: kwa sheria yetu hapana. Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 inamtoza kodi kila mtu kwa mapato yake, na kampuni ni mtu kisheria. Gerezani ina TIN yake na ritani yake, barafu vilevile. Hata kama mngekuwa na kampuni mama na mkaandaa hesabu za pamoja zinazomridhisha benki na mkaguzi, zile ni hesabu za kuonyesha wenye mali. TRA anasoma ritani ya kila kampuni peke yake.

Hasara haipotei lakini. Kifungu cha 19 kinaruhusu kampuni iliyopata hasara iibebe kwenda miaka ijayo na kuipunguza kwenye faida yake yenyewe. Kwa hiyo ile 310 ipo, inasubiri barafu ipate faida, tatizo lako ni kwamba barafu haipati.

Na kuna mambo mawili sijui kama umeyaangalia. Moja, barafu ina hasara tangu 2021? Kampuni ikiwa na hasara miaka mitatu mfululizo inaanza kulipa kodi ya chini inayokokotolewa kwenye mauzo. Ilikuwa 0.5%, Sheria ya Fedha ya 2025 imeifikisha 1%. Pili, tangu 2020 kampuni yenye hasara miaka minne mfululizo haiwezi kufuta faida yote kwa hasara ya nyuma. Inafuta hadi 70% ya faida ya mwaka, 30% iliyobaki inatozwa kodi.

#3 Mhasibu wa Gerezani

Mkuu Kifungu, nashukuru. Ndiyo, hasara tangu 2021, miaka yote minne. Jumla iliyolimbikizwa mpaka mwisho wa 2024 ni milioni 880. Mauzo ya barafu ni kama milioni 600 kwa mwaka, kwa hiyo tulilipa milioni 3 na kwa kiwango kipya itakuwa 6. Kampuni inadaiwa kila kona na bado inalipa kodi ya mapato. Mzee aliponiuliza "hasara nayo inalipiwa kodi?" nilikosa jibu la kumpa kwa lugha ya kawaida.

#4 Mtu wa Tabata

Mbona rahisi. Barafu iiandikie Gerezani ankara ya ada ya usimamizi, milioni 300. Gerezani inaiweka kama gharama, faida inashuka. Barafu inaiweka kama mapato, inamezwa na hasara. Wengi wanafanya hivyo hapa mjini.

#5 Mama Ankara

Mtu wa Tabata, na wewe mwanzisha uzi, naomba mnisome taratibu kwa sababu hili nimelipitia kwa macho yangu. Nilikuwa mhasibu kwenye kundi la kampuni tatu, sitazitaja. Mkurugenzi alishauriwa hivyohivyo. Tukaandika ankara moja tarehe 31 Desemba, "huduma za usimamizi kwa mwaka", kiasi kizima bila senti, risiti ya EFD (mashine ya risiti za kodi) ikatolewa siku hiyohiyo.

Wakaguzi walipokuja hawakubishana na bei kwanza. Waliuliza: nani alifanya kazi hii? Tukasema meneja. Wakaomba mkataba, tukatoa uliosainiwa juzi. Wakaomba barua pepe, ripoti, safari, kumbukumbu za vikao, chochote kinachoonyesha meneja yule aliwahi kusimamia kampuni ile. Hakikuwepo. Meneja mwenyewe alipoulizwa alisema hajawahi kuingia ofisi ile.

Kilichofuata ndicho kinachoniuma hadi leo. Upande wa kampuni yenye faida gharama ilikataliwa, kwa sababu sheria inataka matumizi yawe yamefanyika kwa ajili ya kuzalisha mapato ya biashara hiyo. Kodi ikarudi palepale, na riba juu yake. VAT ya asilimia 18 tuliyodai kwenye ankara ile nayo ikakataliwa. Kodi ya zuio, ile inayokatwa na anayelipa, ya asilimia 5 kwenye ada ilikuwa haijakatwa, ikadaiwa. Na upande wa kampuni yenye hasara, yale mapato ya ankara tulikuwa tumeshayatangaza wenyewe kwenye ritani, yamekula hasara ya kweli iliyokuwa imebebwa kwa miaka. Kodi tukalipa, na hasara ikaliwa bure. Tulianza tukiwa na hasara halali mkononi, tukamaliza hatuna.

Tulipotaka kuweka pingamizi tukaambiwa sheria: siku 30, na kwanza ulipe theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa au kiasi usichobishia, chochote kilicho kikubwa. Pesa hiyo haikuwepo.

Kama barafu kweli inaifanyia Gerezani kazi, iandikie ankara ya kazi hiyo kwa bei ambayo ungemlipa mtu baki. Kama haifanyi, usiandike.

#6 Mtu wa Tabata

Mama Ankara nimekusoma. Hiyo ya hasara kuliwa upande wa pili sikuwahi kuifikiria. Naondoa ushauri wangu.

#7 Baharia wa Leicester

Salamu kutoka ughaibuni. Nafanya kazi ofisi ya wahasibu huku Uingereza, na mwanzisha uzi umesema umesikia nchi nyingine ipo, basi nieleze inavyokwenda ili usiibebe kwa jina tu.

Huku kampuni yenye hasara inaweza kuikabidhi kwa kampuni nyingine ya kundi lake, sharti kuu likiwa umiliki wa angalau asilimia 75. Kampuni inayopokea hasara inaweza hata kumlipa anayeitoa, na malipo yale, mradi hayazidi hasara yenyewe, hayahesabiwi kama mapato. Hiyo ina maana pale penye wanahisa wadogo, kwa sababu hasara ni mali yao pia, haiwezi kuchukuliwa hivihivi. Zamani ilikuwa hasara ya mwaka huohuo tu. Hasara iliyotokea tangu Aprili 2017 inaweza kukabidhiwa hata ikiwa imebebwa kutoka nyuma, ila faida ikizidi pauni milioni 5 kwa kundi zima, ile ziada unaruhusiwa kufuta nusu yake tu.

Sasa sikiliza hili. Mzee wako angekuwa huku, angekosa pia! Kundi linatakiwa liunganishwe na kampuni. Mtu binafsi akimiliki kampuni mbili moja kwa moja, hizo mbili si kundi kwa ajili ya hasara. Lazima juu yao ikae kampuni inayoshika hisa. Nimewaona wafanyabiashara wetu wa Kiafrika na Kihindi hapa Leicester wakigundua jambo hilo wakati mwaka wa hesabu umeshafungwa.

Wajerumani wana njia yao: kampuni tanzu (inayomilikiwa na kampuni mama) inafunga mkataba wa kuhamishia faida na hasara yake yote kwa mama, mkataba wa miaka isiyopungua mitano, na mama analazimika kuiziba hasara kwa fedha kweli. Ufaransa mama anajumlisha matokeo ya tanzu anazomiliki kwa angalau asilimia 95. Mipaka ya nchi nayo ni kesi nyingine. Marks & Spencer, wenye maduka wa Uingereza, walitaka hasara za tanzu zao za Ubelgiji, Ufaransa na Ujerumani zipunguze faida ya Uingereza. Mwaka 2005 Mahakama ya Ulaya ikasema nchi inaweza kukataa, isipokuwa pale ambapo hasara imekwisha kabisa njia ya kutumika kule ilikotokea.

#8 Mkulima wa Ruvu

Mimi mambo yangu madogo. Nina kampuni moja tu, ndani yake nalima mpunga Ruvu na nina duka la pembejeo Mlandizi. Mwaka wa mafuriko mpunga ulikwenda na maji. Kampuni ni moja, TIN ni moja. Hasara ya shamba si inapunguza faida ya duka?

#9 Kifungu cha 19

Mkulima, hapo pana ukuta mwingine. Hasara ya kilimo inapunguzwa kwenye mapato ya kilimo tu, hata ndani ya kampuni moja. Utaibeba mpaka mwaka shamba litakapotoa. Hasara ya uwekezaji nayo inabaki kwenye mapato ya uwekezaji. Hasara ya nje ya nchi haigusi faida ya hapa. Kwenye migodi wamekwenda mbali zaidi: kila eneo la leseni linahesabiwa peke yake, mgodi mpya unaochimba hasara hauwezi kumeza faida ya mgodi wa zamani wa mwekezaji yuleyule.

Lakini biashara za kawaida ndani ya kampuni moja hazina ukuta. Mwanzisha uzi, rudi kwenye sentensi hiyo.

#10 Wakili wa Samora

Niongezee kabla hujarudi. Kuna anayeweza kukushauri umtafute mtu baki anunue hisa za kampuni ya barafu kwa sababu ya ile 880. Umiliki ukibadilika kwa zaidi ya asilimia 50 ndani ya miaka mitatu, kifungu cha 56 kinazuia hasara za nyuma kutumika, na mali za kampuni zinahesabiwa kana kwamba zimeuzwa siku ile. Kampuni inayoendelea na biashara yake ileile bila kuongeza nyingine kwa miaka miwili ina nafuu, lakini mlango huo ni mwembamba. Ukiifunga kampuni, hasara inakufa nayo.

Na mikopo. Bila shaka Gerezani inaikopesha barafu?

#11 Mhasibu wa Gerezani

Inaikopesha, wakili. Mpaka sasa milioni 240, haina riba wala mkataba. Mzee anasema ni mfuko wake wa kulia na wa kushoto.

#12 Wakili wa Samora

Ndivyo wazee wetu wote wanavyosema, na kwa upande wa familia ni kweli. Kwa upande wa kodi Gerezani imemkopesha mtu mwingine bure, na kifungu cha 33 kinaruhusu miamala kati ya washirika, kama kampuni zenu mbili, ihesabiwe kwa bei ya soko. Wakiweka riba, inakuwa mapato ya Gerezani, yanatozwa asilimia 30. Na riba hiyohiyo upande wa barafu inaongeza hasara isiyokuwa na pa kwenda. Nashauri mkae, mkubaliane kama pesa ile ni mkopo au ni mtaji, na iandikwe. Mtaji haudai riba.

Mimi binafsi naona sheria ingefaa kuruhusu hasara kuhama kati ya kampuni za hapahapa nchini zinazomilikiwa kwa asilimia 100 na kampuni mama moja. Tunawahimiza watu wafungue viwanda. Kiwanda kinakula hasara miaka ya mwanzo, hiyo ndiyo tabia yake. Mfanyabiashara anayejaribu kiwanda ndani ya kampuni yake ya zamani anapata nafuu mara moja, na anayekisajili peke yake, kwa sababu benki au mbia amemtaka hivyo, anaikosa. Mtaji ni uleule, mashine ni ileile, tofauti ni karatasi za BRELA, wakala wa usajili wa kampuni.

#13 Kifungu cha 19

Wakili, nakuelewa, lakini nimekaa meza ya ukaguzi. Ukifungua mlango huo, watakaoutumia wa kwanza ni makundi makubwa yenye washauri, yenye kampuni ya hasara ya kudumu iliyojaa gharama kutoka nje. Nchi inayotegemea walipakodi wakubwa wachache itaumia haraka. Ukiweka sharti la kampuni za ndani tu, bado lazima uwe na watu wa kukagua kila gharama iliyozaa hasara ile. Siipingi moja kwa moja. Naipinga bila ulinzi huo.

Kwa mwanzisha uzi sasa. Hasara haihami, lakini biashara inahama. Umesema kampuni ya barafu iko Kigamboni. Ina eneo? Ina nafasi ya kufanya biashara nyingine yenye faida, kwa sababu ya kibiashara inayosimama bila kutaja kodi? Faida itakayozaliwa ndani ya kampuni ya barafu itakutana na hasara ya barafu, bila kuomba ruhusa ya mtu.

#14 Mhasibu wa Gerezani

Mkuu Kifungu, nimeusoma ujumbe wako nikasimama wima. Kiwanja cha barafu ni kikubwa, nusu yake ni majani matupu. Na wateja wetu wa Gerezani wa upande wa Kigamboni ni wengi: wanajenga Kibada, wanajenga Mjimwema, wanajenga Geza Ulole. Kila wiki lori letu linapita Daraja la Nyerere na mabati, au mteja anasubiri pantoni na nondo zimeninginia nyuma ya kirikuu. Mwaka jana meneja wa mauzo aliomba ghala kule, mzee akasema pesa ya kiwanja haipo. Kiwanja tunacho! Hakuna aliyewaza kwamba kipo kwenye kampuni nyingine.

Nimepiga hesabu ya haraka. Ghala likifanya kazi vizuri linaweza kuingiza faida ya milioni 500 kwa mwaka, nyingi ikiwa ni mauzo ambayo sasa yanapita Gerezani. Hasara ya barafu kwa mwaka naikadiria 300. Kampuni inabaki na faida ya 200. Kwa sababu ya ile miaka minne, hasara ya nyuma inafuta 140 tu, 60 inatozwa, kodi milioni 18. Faida ileile ya 500 ikipatikana Gerezani inalipiwa 150.

#15 Kifungu cha 19

Hesabu zimekaa sawa. Angalizo zito: usihamishie mikataba na wateja wa Gerezani kwa kalamu. Wanunue wenyewe kwenye ghala jipya kwa sababu liko karibu. Mzigo utakaotoka Gerezani kwenda kule uuzwe kwa bei ya jumla ambayo duka la mtu baki lingepewa, na ankara na VAT yake. Ukiuza kwa hasara ili faida yote ikavunwe upande wa pili, utarudi kwa Mama Ankara. Na muhtasari wa kikao cha bodi uandikwe sasa, wenye takwimu za wateja, nauli za lori na muda wa kufikisha mzigo, siyo uje uandikwe siku ya ukaguzi.

#16 Wakili wa Samora

Angalia na katiba ya kampuni ya barafu, madhumuni yake yanaruhusu biashara ya vifaa vya ujenzi? Kama hayaruhusu, azimio maalumu na BRELA kwanza, kisha leseni ya biashara ya manispaa kwa shughuli mpya. Hisa msiziguse. Mzee asiamue kumgawia mtoto wa nne katikati ya mambo haya bila kuniuliza mimi au mwenzangu yeyote.

#17 Mama Ankara

Na mtenge vitabu. Mauzo ya barafu na mauzo ya ghala yawe na akaunti zake, ingawa ritani ni moja. Siku barafu ikianza kupata faida mtataka kuijua.

#18 Mhasibu wa Gerezani

Wakuu, mrejesho. Jumamosi tulikaa nyumbani kwa mzee Upanga, baada ya alasiri, wanawe wote watatu walikuwepo. Nilichora kwenye karatasi ya manila masanduku mawili, nikaandika faida kwenye moja na hasara kwenye jingine. Mzee aliangalia muda mrefu. Akaniuliza kwa nini 2021 hakuna aliyemchorea hivi kabla hajasajili kampuni ya pili. Nilimwambia ukweli: mimi ndiye niliyepeleka fomu, na sikujua. Akanyamaza, kisha akasema, "Basi sasa tunajua wote."

Maamuzi ni haya. Ghala la Kigamboni linaanza Januari ndani ya kampuni ya barafu. Milioni 200 kati ya zile 240 zinageuzwa kuwa mtaji: Gerezani inawalipa wanahisa kama gawio, kodi ya zuio inakatwa na kulipwa, kisha kila mmoja anaweka pesa yake barafu kwa uwiano uleule wa hisa, na barafu inarudisha deni Gerezani. Zinazobaki zinaandikiwa mkataba wenye riba. Ada za usimamizi hakuna. Wakili mmoja wa mjini amechukua suala la katiba ya kampuni.

Kompresa tumekubaliana na fundi kulipa kwa awamu tatu. Ya kwanza imelipwa jana, leo asubuhi wameanza kuifungua. Makadirio ya kodi ya 2026 natakiwa niyapeleke kabla ya Machi kuisha, nitayaleta kwanza hapa mnikosoe.